Kanuni yangu ya kunyamaza

Jumapili jioni, Novemba. Mkonze.

Joto. Mawingu yalikusanyika upande wa Bahi tangu mchana, yakakaa kidogo, yakaondoka. Mvua bado. Upepo unaleta vumbi juu ya meza ninayoandikia. Nimeifuta mara mbili na sasa nimeiacha. Mwili umechoka, lakini kichwa kimegoma kupumzika. Naandika leo leo, kabla sijaanza kujitetea.

Anayesoma ukurasa huu tangu zamani anajua kwamba nina kanuni ya maisha. Kwa mgeni nieleze kidogo. Umoja wa wanaume kanisani kwetu tulikubaliana kila mmoja aandike kanuni yake mwenyewe: ataombaje, atafanyaje kazi, atapumzikaje, ataishije na watu wa nyumbani kwake. Mwinjilisti wetu analima zabibu, na somo la kwanza alitufundishia shambani. Alituonyesha mzabibu uliolala chini, vichala vyake vimeoza upande unaogusa udongo. Halafu akatuonyesha uliofungwa kwenye nguzo na waya. Akasema nguzo haizai zabibu hata moja, kazi yake ni kuuinua mzabibu tu.

Nilimwelewa. Nadhani nilielewa nusu.

Mimi ni mtu wa vipimo. Nina karakana ya kuchomelea milango na madirisha, na mlango ukipinda kidogo tu hauingii kwenye fremu. Kwa hiyo kanuni yangu niliiandika kama ninavyochora geti: mstari kwa mstari, kwa rula. Asubuhi sigusi simu kabla sijaomba. Jumapili mashine ya kuchomelea haiwaki, hata mteja aje analia. Chakula cha jioni nakula na watoto, televisheni imezimwa. Ya nne ndiyo niliyojivunia kuliko zote, kwa sababu nilijua ndiyo itakayoniuma: nikikasirika, sitasema neno lolote mpaka nimelala na kuamka.

Ulimi wangu ni mkali. Nyumbani wanajua, wateja wanajua. Kijana aliyekuwa ananishikia vyuma mwaka juzi aliondoka kwa sababu ya maneno yangu, akaenda kuuza maji ya chupa stendi, na akaniambia wazi kwamba maji hayamtukani.

Kwa hiyo kanuni ya nne haikuwa pambo. Niliihitaji.

Na ilifanya kazi. Mteja mmoja alirudisha dirisha akidai nimemkatia vyuma vyembamba. Nilisikia damu inapanda masikioni, nikafunga mdomo, nikaenda kunywa maji. Kesho yake nikampigia simu kwa sauti ya kawaida. Aliomba radhi yeye. Rajabu, mwenzangu wa karakana, alisimama na miwani yake ya kuchomelea juu ya paji la uso akinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa.

Rajabu ni Mrangi wa Kondoa, Mwislamu, na ni mtani wangu wa kila siku. Nilipomweleza habari ya kanuni alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani nyie ndiyo leo mnagundua ratiba? Sisi tunaitwa mara tano kwa kipaza sauti, bure, hata kuandika hatuandiki."

"Hii si ratiba, Rajabu. Ni kanuni."

"Haya bwana kanuni. Na hiyo ya kunyamaza umeiwekea mwisho? Maana wewe ukinyamaza unatisha kuliko ukifoka."

Nilidhani ni utani wa kawaida. Wiki iliyofuata mke wangu, Mama Neema, alisema karibu neno hilohilo. Tulikuwa tumetofautiana kuhusu jambo dogo, sare ya shule, na mimi nikakaa kimya kama kanuni inavyotaka. Nikala kimya, nikaoga kimya, nikalala. Asubuhi nilipotaka kuzungumza kwa upole, yeye ndiye hakutaka. Alisema kelele zangu alikuwa anajua zinaishia wapi, ila kimya changu hajui kama kina chini au hakina.

Niliandika maneno yake hapa siku hiyo, wasomaji mnayakumbuka. Nikaandika pia kwamba atazoea.

Sasa habari ya Bahi.

Mama yetu anaishi Bahi. Baba alifariki zamani, akamwachia nyumba na majaruba ya mpunga kule chini maji yanakotuama. Mvua ikiwa nzuri, majaruba yale yanamlisha yeye na yanatulisha na sisi. Mvua ikigoma, anapanda mtama huku juu na maisha yanaendelea. Tumesoma kwa mpunga ule, mimi na kaka yangu Amosi. Mimi niliishia kidato cha nne, yeye akaendelea, na leo ni mtumishi wa serikali, ana nyumba mjini, Area D, yenye chumba cha uani.

Mwezi uliopita mama alinipigia simu. Mama hapigi simu ovyo. Aliniuliza watoto, akaniuliza kazi, kisha akasema Amosi ana mpango wa kumkodisha majaruba yote mfanyabiashara mmoja mwenye trekta, kwa misimu kadhaa, na yeye mama ahamie Area D kwenye kile chumba cha uani. Amosi ameomba kikao cha ukoo. Mama alisema hataki. Akasema: "Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni. Utanisemea wewe, baba."

Kwa asiye wa kwetu: kwenye kikao cha ukoo wetu mjane anakaa na kusikiliza, lakini neno lake linabebwa na mtoto wake wa kiume. Si kwamba hana akili ya kusema. Ndivyo walivyoweka. Kwa hiyo mama hakuwa ananiomba ushauri. Alikuwa ananikabidhi kazi.

Nilimjibu asiwe na wasiwasi.

Kikao kilikaa Jumamosi, majuma mawili yaliyopita, uani kwa mama, kwenye kivuli cha ukuta. Baba mdogo Lameki ndiye mwenyekiti, maana ndiye mkubwa aliyebaki. Walikuwepo wazee wengine wa ukoo kwenye viti vya kuazima, mama na mke wa baba mdogo wako mlangoni, wanachambua mchele. Amosi alivaa shati la kazini na alikuja na maneno yamepangwa. Alisema mama amezeeka, miguu inamvimba, na kila akienda majarubani anaenda kujimaliza. Alisema watu wanamsema vibaya yeye, mtu wa serikali, kwamba mama yake bado anakanyaga matope. Hapo nilikuwa sijakasirika. Kwa miguu alikuwa na haki, miguu inavimba kweli.

Kisha akasema: "Na sisi wanaume wa nyumba hii tumeshazungumza, tuko pamoja."

Hatukuwa tumezungumza. Hata simu moja hakunipigia.

Nilisikia masikio yanawaka. Maneno yalikuja yote kwa mpigo, na mengi hayakuhusu majaruba hata kidogo. Yalihusu miaka yetu yote, nani alisoma na nani aliacha ili mwingine asome. Nikajua nikifungua mdomo sasa, yatatoka hayo. Nikakumbuka kanuni. Nikafumba mdomo, nikatazama vidole vyangu vya miguu, nikaomba kimoyomoyo.

Baba mdogo akauliza, "Kuna mwenye neno?" Huwa anauliza mara tatu, na anaacha nafasi ndefu kati ya swali na swali, ndefu kiasi cha kusikia kuku wanavyoparua. Mara ya kwanza wazee wakanitazama. Mara ya pili baba mdogo alinitazama yeye mwenyewe, na akaongeza, "Hata wewe, mchomeleaji?" Nikatikisa kichwa. Nilimaanisha *siyo sasa*. Mara ya tatu sikuinua hata macho.

Akagonga fimbo chini. Neno likafungwa. Kwa ukoo wetu, aliyeulizwa mara tatu akanyamaza amekubali. Nalijua hilo tangu utotoni. Nililijua hata pale nilipokuwa nimekaa.

Sasa niandike lililo gumu zaidi. Nilirudi Mkonze jioni ile nikiwa na furaha. Sikuwa na furaha kwa ajili ya mama, mama sikumfikiria. Nilifurahi kwamba hasira ilikuja kubwa kuliko zote na mimi sikusema neno. Kila Alhamisi umoja wa wanaume tunatoa taarifa, kila mtu na kanuni yake, na njia nzima kichwani nilikuwa napanga nitakavyoisimulia. Nilifika hadi kwenye kuchagua maneno. "Ndugu zangu, Jumamosi nilijaribiwa..."

Mama aliniaga mlangoni siku ile. Alikuwa bado na ungo mkononi. Alisema kitu kimoja tu:

"Nimekusikia, mwanangu."

Nilidhani ananipongeza kwa kutogombana na kaka yangu.

Asubuhi yake, baada ya kulala na kuamka kama kanuni inavyosema, nilimpigia baba mdogo ili sasa nitoe hoja zangu kwa upole. Hoja nilikuwa nazo, nimezipanga vizuri kabisa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Haya umeyasema vizuri, mwanangu. Tatizo umeyasema kwenye simu. Kikaoni uliulizwa mara tatu." Nikamwambia nilikuwa na hasira. Akauliza kwa mshangao wa kweli: "Sasa kikao huwa ni cha watu wasio na hasira?"

Nikakata simu nikiwa sielewi nimfanyie nini mtu wa namna hiyo.

Nilimweleza Mama Neema. Alikuwa anakanda unga wa maandazi na hakuacha kukanda. Aliuliza, "Ulinyamaza kwa ajili ya nani?" Nikasema kwa ajili ya amani. "Amani ya nani?" Akaendelea: "Mama alikupa kazi moja. Ukaenda pale ukajifanyia yako."

Hakusema tena. Hata mimi sikusema tena, lakini safari hii kimya hakikuwa cha kanuni.

Karakanani nako Rajabu hakuniacha. Nilipomsimulia alivua glovu zake taratibu, moja baada ya nyingine.

"Ngoja nikuelewe. Umefunga swaumu ya mdomo, sawa. Ukaifunga siku ya Idi?"

"Rajabu, leo niache."

"Nakuacha. Lakini mimi mama yangu angenituma kumsemea nikanyamaza, nisingerudi Kondoa mpaka nizeeke. Wewe una bahati, mama yako anakupokelea simu."

Ilikuwa kweli anapokea. Anapokea, anajibu "mzima, mzima," anauliza watoto, basi. Juma zima hakutaja majaruba. Nilisikia kutoka kwa mke wa baba mdogo kwamba ameanza kugawa vyombo vyake. Sufuria kubwa ameshampa jirani. Kinu amempa mtu. Mama anagawa kinu.

Hapo ndipo niliposhtuka kweli. Mpaka siku ile nilikuwa nalihesabu jambo hili kama kosa la utaratibu, linaloweza kusubiri. Lakini mtu anayegawa kinu chake amekwisha kuondoka moyoni.

Nikampigia tena baba mdogo. Nikamwambia nataka neno lifunguliwe. Akasema njia yake naijua: anayefungua neno lililofungwa anakuja na mbuzi, mbuzi wa kuliwa na wote, na anamwambia kwa mdomo wake yule aliyeshinda. Hatumi mtu.

Kuhusu mbuzi nilijisumbua siku mbili. Kanuni yangu ina mstari mwingine, kwamba najitenga na matambiko, na pale umoja wa wanaume yupo ndugu mmoja ambaye hata kuonja nyama ya msiba anaona kuna mizimu. Nilimuuliza mwinjilisti. Aliuliza kama kuna anayesema maneno juu ya damu. Hapana. Kama kuna kinachomwagwa chini kwa ajili ya mtu. Hapana. "Basi ni faini," akasema, "na faini inalipwa. Ungekuwa mjini ungelipa ya bodaboda."

Kumpigia Amosi ndiko kulikokuwa kugumu. Nilizunguka karakana na simu mkononi mpaka Rajabu akaniambia nakanyaga waya zake.

"Kwa nini hukusema pale?" Amosi aliuliza.

"Nilikuwa na hasira."

"Na sasa?"

"Bado ninayo."

Alicheka, kicheko cha pua, kile cha tangu tulipokuwa tunalala kitanda kimoja. "Basi njoo nayo," akasema, "tusipoteze mafuta ya gari bure."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi sikutoa taarifa yoyote kwa wanaume wenzangu. Nilisema tu naomba mniombee, kanuni yangu ya nne ina kasoro na sijajua iko wapi. Mmoja akasema pengine sijaishika kwa bidii ya kutosha. Nikaondoka kabla ya chai.

Jana basi nilikwenda. Mbuzi nilimnunua kulekule Bahi ili nisimtese njiani. Baba mdogo alimkagua meno, akamshika mgongo, akasema, "Mbukwenyi," akimsalimia mbuzi kwa Kigogo, na wazee wakacheka. Nilishukuru kwa kicheko kile. Mama alikuwa palepale mlangoni. Safari hii hakuwa na ungo. Mikono yake ilikuwa imelala tu mapajani, nami sijazoea kuiona mikono ya mama ikiwa haina kazi.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nikaiacha mfukoni.

Nilisema kwamba mama hataki kuhama. Kwamba alinituma niseme hivyo siku ile, na mimi sikusema, na kosa ni langu na si lake. Nilimwambia Amosi mbele ya wote kwamba mimi na yeye hatukuwahi kuzungumza, na hakupaswa kusema tumezungumza. Sauti yangu ilipanda. Naikumbuka ilivyopanda, ikapasuka katikati kama ya kijana anayebalehe. Yale mengine, ya nani alisoma na nani aliacha, yalikuja mpaka kwenye meno. Sikuyasema. Sijui kama hiyo ilikuwa kanuni au ni kwamba pumzi iliniishia.

Kisha nikaomba jambo ambalo si la kawaida yetu. Nikaomba mama aulizwe mwenyewe.

Wazee walitazamana. Mzee mmoja akaguna, "Huyu leo kafungua neno, kesho atafungua na paa." Lakini baba mdogo aligeuza kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza chini, akamwelekea mama. Akamuuliza kwa Kigogo, kwa heshima, kama anavyomuuliza mkubwa wake.

Mama alijibu kwa Kiswahili, nadhani ili Amosi asipate pa kusema hakuelewa vizuri.

"Sijasema kwamba sizeeki. Nazeeka. Miguu ni yangu, naijua. Nimesema sitaki kuzeekea chumbani kwa mtu."

"Mtu?" Amosi akasema. "Mimi ni mtu, mama?"

Hakuna aliyecheka. Amosi hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepigwa na kitu ambacho hakukiona kikija. Na mimi, niliyekuwa na haki yote upande wangu, kwa mara ya kwanza nilimwona kaka yangu: chumba kile cha uani alikipaka rangi mwenyewe mwezi wa saba. Alinionyesha. Aliweka dirisha kubwa, na dirisha lile nilichomelea mimi. Aliniambia ni la chumba cha mgeni.

Mama alisema, "Wewe ni mwanangu. Chumba ndicho cha mtu."

Baba mdogo aliamua hivi. Mama anabaki. Majaruba hayakodishwi maadamu yeye mwenyewe hajasema. Lakini hatakanyaga matope msimu huu. Atakaa kwenye tuta na kuelekeza, na atakayelima ni mimi, kwa mwili wangu, siyo kwa kibarua wa kutumwa. "Umelifungua," akaniambia, "utalilima." Amosi ataenda kwa mwenye trekta kumwambia hapana. Tayari walikuwa wamepeana mikono, kwa hiyo ni aibu, na aibu hiyo ataibeba peke yake.

Fimbo ikagongwa. Nyama ilikuwa inachemka.

Amosi aliinuka, akaaga wazee mmoja mmoja, akamshika mama mkono, akaenda kwenye gari lake. Nilimfuata. Nilimwambia nyama haijaiva, angoje. Alisema ana kazi mjini. Jumamosi jioni, kazi gani? Na hapo, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo na nilikuwa najiona shujaa, nikasema, "Ungemuuliza mama kwanza, yote haya yasingekuwepo."

Ilikuwa kweli. Haikuwa na kazi yoyote.

Alinitazama kwenye kioo cha gari, hakugeuka. Akaondoka. Kwetu anayeondoka kwenye mbuzi wa kikao bila kula anaacha ugomvi ukiwa hai. Wazee waliona. Walikula, wakasifu nyama, na hakuna aliyelitaja jina lake.

Nililala kwa mama. Leo asubuhi tumekwenda naye kanisani, taratibu kwa sababu ya miguu, na njia nzima alikuwa ananionyesha: hapa maji yanaingilia, hapa tuta limekatika, hili utaanza nalo mvua ikinyesha tu. Alikuwa anaongea haraka. Njiani alisimama kwenye nyumba ya jirani akaomba sufuria yake. Jirani akamwambia, "Nilijua utaifuata, hata sijaipikia."

Nimerudi Mkonze alasiri. Mama Neema aliniuliza limekwendaje, nikamweleza lote, hata lile la kwenye gari. Alisikiliza. Akasema, "Kwa hiyo siku ya kusema ulinyamaza, na siku ya kunyamaza ukasema."

Ndivyo.

Sasa niko mbele ya kanuni yangu. Nimekaa nayo tangu jua lilipozama. Wazo la kwanza lilikuwa kuifuta ya nne kabisa. Lakini bado nina ulimi uleule, na watoto wangu bado wanaishi nao. Mwinjilisti ana mizabibu ambayo nguzo zake zilianguka kwa mchwa, na sijamwona akiiacha ilale chini. Anachimba tena, anaweka nguzo nyingine.

Nimeandika upya, kwa penseli. Nikikasirika, nitajiuliza kwanza kama kuna mtu ninayepaswa kumsemea. Kama yupo, nitasema palepale, hata sauti ikipasuka. Kama ninayetaka kumtetea ni mimi mwenyewe, nitanyamaza mpaka asubuhi. Na asubuhi nitasema, sitaendelea kununa na kuita kununa huko maombi. Hili la mwisho Mama Neema ndiye aliyeniambia niliongeze. Nilimsomea kabla ya mtu yeyote. Ile niliyoiandika mwanzo waliisikia wanaume wa kanisani kabla yake, na sikuwahi kuona kwamba hilo lilikuwa kosa mpaka leo.

Nimeongeza na nyingine: mvua zikianza, Jumamosi zangu ni za Bahi. Rajabu ataifungua karakana. Sijamwambia. Atanitania mpaka Pasaka.

Halafu kuna Amosi.

Mama alitenga paja la yule mbuzi, akalibanika likakauka vizuri, akalifunga kwenye kitambaa safi. Alinipa mchana nilipokuwa naondoka. "Mpelekee kaka yako. Wewe mwenyewe, usimpe mtu." Nikamuuliza, na asipolipokea? Akasema, "Utakuwa umefika."

Kwa hiyo kesho, kabla ya karakana, naenda Area D. Nimefikiria jioni nzima niseme nini. Nilianza kupanga hoja, nikaziacha, maana najua hoja zangu zinavyokuwa: zote za kweli, na nyingi hazina kazi. Simu yangu hajaipokea tangu jana. Huenda ameshatoka wakati nitakapofika. Huenda yupo na hatafungua.

Akifungua, nitasimama getini na nyama mkononi, niseme, "Shikamoo, kaka." Halafu nitanyamaza, ningoje marahaba yake. Hata ikichelewa.